Tonge la Kwanza

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Butembo, kula mbele ya mtu bila kumkatia kidogo kulihesabiwa kuwa ujinga zaidi kuliko uchoyo. Mchoyo anamnyima mwenzake, lakini mjinga anajiumiza mwenyewe, maana jicho la yule aliyenyimwa linaingia mdomoni pamoja na tonge, linashuka nalo mpaka tumboni, na huko linakaa kama mpangaji asiyetaka kuhama. Tumbo linavimba. Chakula kinageuka uchungu. Ulimi unakuwa mweupe kana kwamba umelazwa juu ya unga wa muhogo. Kwa hiyo jirani akitukuta tunakula, hata kama amekuja kuomba kaa la moto tu, Mama alimkatia tonge la fufu, akalichovya kwenye mboga, akampa mkononi. Jirani alicheka, alikula, akaenda na macho yake.

Ninayakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita niliyasikia yakisimuliwa kwa projekta.

Aliyesimulia ni Kavira, mdogo wangu. Ana duka Beni, la vyakula anavyoviita vya asili: unga wa mbegu za maboga, vitunguu saumu vilivyokaushwa, mafuta ya nazi yanayotoka Uganda ndani ya mitungi ya kioo, na chai chungu ambayo jina lake linabadilika kila anapobadilisha pakiti. Alikuja Butembo kufundisha wanawake, ndani ya salle, ukumbi wa parokia, namna ya kufukuza candida tumboni kwa chakula peke yake. Salle ilijaa mpaka wengine wakasimama madirishani. Mimi ni mwalimu wa biolojia. Candida ninaijua: ni kuvu, inaishi ndani yetu sote bila ugomvi mpaka kitu kiipe nafasi. Nimeichora ubaoni kwa chaki mwaka baada ya mwaka, mbele ya wanafunzi wanaopiga miayo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama dirishani ili anisikie. Kavira aliacha chuo mwaka wa pili. Wanamwita Docteure.

Nilikuwa na wivu, tena nilikuwa nao tangu aliposhuka kwenye gari lake, amevaa kitenge cha wax kilichoshonwa kama kimemwagwa mwilini. Nilikaa safu ya tatu, nikiwa na kitabu changu mapajani, nikajiambia nimekuja kumuunga mkono.

Alianza na candida, akapita kwenye sukari, akafika kwa Koko. Alieleza jinsi alivyougua utotoni hadi ulimi ukawa kama chokaa, jinsi Koko, bibi yetu, alivyotoka Vuhovi na chungu chake, akamponya kwa mboga chungu na maziwa ya mashanza, bila kidonge hata kimoja. Kisha akainua kidole kimoja, kama mtu anayetaka kuwaonjesha watu kitu kitamu.

«Kwetu kulikuwa dada mumoja,» akasema, «ule alikuwa anaangaliaka chakula ya batu mpaka sahani inasikia haya. Donc Koko akasema: jicho ya huyu ndiyo inauwa mwingine.»

Salle nzima ikacheka. Hakutaja jina, na hakuwa na haja ya kulitaja. Nusu ya wale wanawake ni wa mtaa wetu wa zamani, na wanajua Kavira ana dada mmoja tu. Mama mmoja wa safu ya kwanza aligeuza shingo kabisa kunitafuta, akanipata, akanipungia mkono kwa upole kama unavyompungia mgonjwa.

Basi na mimi niseme yangu. Kwamba sahani ilisikia haya, sikatai. Lakini hadithi ile ina chupa ndani yake, na chupa hiyo Kavira aliiruka.

Yote yalianza na kikohozi. Kwetu dawa zilinunuliwa kama chumvi, kwenye kibanda, kwa muuzaji aliyezijua kwa rangi. Mama alinunua vidonge vyekundu na vyeusi. Kikohozi cha Kavira kikaisha, kikarudi, Mama akanunua rangi nyingine, kikaisha, kikarudi, akanunua tena. Leo naweza kuchora kilichotokea: dawa zile ziliwaua wadudu wabaya na wazuri bila kuchagua, shamba likabaki tupu, kuvu ikaota peke yake. Wakati ule niliona tu kwamba mdogo wangu amekataa kula, tumbo lake limejaa upepo kama mpira, na ndani ya mdomo wake kuna utando mweupe ambao ukiufuta unatoka na damu. Alikuwa bado hajaanza shule. Alilia bila sauti, maana hata kulia kulimuumiza.

Papa, baba yetu, hakuwepo. Msimu ule alikuwa Oicha akinunua kakao, akilala kwa dada yake. Mama akatuma habari Vuhovi, na Koko, mama yake Papa, akafika juu ya camion, ameketi kwenye magunia ya maharagi, chungu chake cha udongo mapajani akikishika kwa mikono miwili.

Mimi nilitumwa kuchota maji. Kisima chetu kilikuwa bondeni, na kupanda na bidoni kichwani si jambo la haraka, basi wakati Koko anafungua mdomo wa Kavira na kutoa hukumu yake, mimi nilikuwa kwenye foleni nikisukumana na watoto wenzangu. Nilikuta hukumu imekwisha kutolewa na sufuria ziko motoni. Nikapata nusu ya habari: kwamba Kavira ameliwa na jicho la mtu, na kwamba kuanzia sasa atakula chakula chake peke yake. Nusu nyingine, ambayo Koko alimnong'oneza Mama, sikuisikia. Niliilipia baadaye.

Niwaeleze chakula hicho, kwa sababu ndicho Kavira anachokiuza leo kwa jina la régime. Hakuna sukari. Hakuna mkate, hakuna mandazi, hakuna muwa, hakuna ndizi mbivu, wala kasikisi hata ya kulamba kidole, ingawa kwetu watoto walionjeshwa pombe hiyo ya ndizi kwenye sikukuu. Badala yake kulikuwa na sombe, majani ya muhogo, iliyopikwa mpaka imesahau kwamba ilikuwa jani, mchuzi wa mbuzi, avoka, yai, vitunguu saumu vilivyopondwa ndani ya maji moto, na mashanza, maziwa yaliyoganda, yaliyotoka upande wa Lubero ndani ya kibuyu. Chungu cha Koko kilikaa kwenye jiwe lake, kando ya sufuria yetu, na mimi nilikatazwa kukigusa.

Hebu fikirini. Nilikuwa mtoto wa kwanza, nimezoea kula maharagi jana na maharagi leo. Ghafla ndani ya nyumba yetu kuna yai, kuna mbuzi, na vyote vinaingia kwenye mdomo usiovitaka. Kavira aligeuza uso, akatema, akabembelezwa. Nami nilikaa upande wa pili wa moto na sahani yangu, nikimtazama akibembelezwa. Yai lilikuwa dogo kati ya yaliyoniuma. Koko alimlaza Kavira kwenye mbavu zake. Alimkalisha kwenye kiti chake kifupi, kile ambacho hakuna mtoto aliyekuwa ameruhusiwa kukikalia. Alimwita kwa majina ya kubembeleza ya Kinande ambayo mimi sikuwahi kuitwa, au niliitwa kabla sijapata akili ya kuyakumbuka. Mimi aliniita Masika tu, na kila Masika lilifuatwa na kazi: Masika kuni, Masika maji, Masika sogea moshi usikuingie.

Nilihesabu hesabu ya kitoto, ikatoka sawasawa: kinachomtofautisha huyu na mimi ni ulimi.

Unga wa muhogo ulikuwa kwenye kikapu nyuma ya mlango. Nilichovya kidole, nikapaka ulimi wote, nikapaka na ndani ya mashavu, nikakaa mdomo wazi kidogo ili mate yasiharibu kazi. Kisha nikaenda kwa Koko, aliyekuwa anachambua maharagi juu ya ungo, nikamwambia kwa shida, «Koko, na miye naumwa.»

Akaniambia nifungue. Nikafungua. Aliweka dole gumba lake juu ya ulimi wangu, akalivuta, akalisogeza karibu na pua. Alinitazama. Maharagi yaliteleza kwenye ungo wake na hakuyaokota. Halafu akaita, bila kupandisha sauti:

«Mama Masika, kuya. Jicho tumelipata.»

Hapo ndipo nilipopata ile nusu nyingine ya habari. Koko alikuwa amemwambia Mama siku ya kwanza kwamba mwenye jicho hajifichi; weupe unaoingia kwa mgonjwa utarudi kwa mwenyewe, ulimi wake nao utageuka, mngoje tu. Walikuwa wanangoja. Walimngoja jirani, walimngoja mke wa fundi cherehani ambaye hakupendwa na mtu, na mimi nikaja kwa miguu yangu, nimejipaka ushahidi mwenyewe.

Nimelifikiria dole gumba lile maisha yangu yote. Ni dole la mwanamke aliyetwanga na kuchekecha muhogo tangu alipoweza kushika mchi. Kusema hakuujua unga ni kusema mvuvi hamjui samaki. Lakini pia nimewaona watu wenye akili sana wakishika kitu mkononi na kuamini kingine, kwa hiyo sisemi kwamba alijua. Najua tu alichoamua.

Alisema jicho lina dawa mbili. Ya kwanza ni kumtoa mwenye jicho ndani ya nyumba: Papa atakaporudi na kakao yake, atanirudisha naye Oicha, nikae kwa shangazi mpaka nitakapokuwa mkubwa. Shangazi hakuwa na mtoto, alihitaji wa kumchotea maji, na alikuwa ameshaniomba mara nyingi. Nilikuwa nimefika kwake. Msitu ulianzia nyuma ya choo, na shangazi mwenyewe alizungumza kama mtu anayelipia kila neno. Dawa ya pili ni kulishibisha jicho. Mwenye jicho ale tonge la kwanza kutoka sahani ya mgonjwa, kila chakula, na asile kitu kingine ambacho mgonjwa hakili. Kama ulimi wa Kavira utasafishika kabla Papa hajarudi, basi nimepona na mimi. Kama hautasafishika, Oicha.

Mama alipiga magoti, akasema, «Ni vizuri, mama.» Alikuwa mkaza mwana. Kwa mama mkwe kuna maneno mawili tu, ndiyo na asante, na yote mawili husemwa ukiangalia chini.

Kwa hiyo nilipata nilichokitaka. Nilikalishwa kando ya kiti kifupi, mbele ya chungu, nikapewa tonge la kwanza.

Sombe ile haikuwa na chumvi. Haikuwa na mafuta ya mawese. Ilikuwa na kitunguu saumu kibichi kilichopanda puani na kukaa huko. Mashanza yalikuwa makali mpaka taya zikajifunga zenyewe. Hata mchuzi wa mbuzi, niliouota mchana kweupe, ulikuwa umetiwa majani fulani ya uchungu ambayo Koko alitoka nayo Vuhovi na hakutaka kuyataja. Nilitaka kutema. Koko aliweka mkono wake chini ya kidevu changu, bila ukali wowote.

«Ulitamani,» akasema. «Sasa kula.»

Nikala. Machozi yalishuka, nikala. Na hapo ikatokea ajabu ambayo hakuna projekta inayoionyesha: Kavira akacheka. Ulimi wake ulimuuma, lakini alicheka kwa kuniona nilivyokunja uso, akafungua mdomo wake mwenyewe, akapokea tonge la pili. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Alikula kwa furaha ya kunitazama nikiteseka. Mtoto aliyekataa yai alimeza vitunguu saumu, mradi mimi nimevimeza mbele. Sukari ikatoka ndani ya nyumba kabisa, maana Koko alisema jicho likionja tamu linarudi na nguvu, na Mama hakuweza kununua mandazi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyala. Shuleni wenzangu walinunua sukre, soda, wakati wa mapumziko, nami nilisimama nikiwaangalia wakinywa, na niliogopa kuwaangalia.

Ulimi wa Kavira ulibaki mweupe. Kila asubuhi nilimwomba autoe nje, na kila asubuhi alichelewa kwa makusudi, akinitazama, maana alijua ninachokiogopa. «Yaya, utaenda Oicha,» aliniambia, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. Kisha akautoa.

Siku moja, kabla jua halijatoka vizuri, nilienda nyuma ya nyumba kuchukua kuni, nikamkuta Mama amechuchumaa pale, amemshika Kavira kidevu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na chupa ndogo ya kahawia na kipimio chake. Alidondosha matone ya manjano ndani ya mashavu, huku na huku, akamfunga mdomo, akangoja. Alikuwa ameipata kwa masista, kwenye kituo cha afya, siku aliyosema anaenda kushona nguo ya kanisani. Nilielewa mara moja kwamba nimeona kitu kikubwa, kwa jinsi alivyoruka.

Hakunigombeza. Aliniomba, na Mama hakuwa ameniomba kitu maisha yangu yote, alikuwa akiamuru tu.

«Masika, Koko asijue. Ni mama ya baba yenu. Nikisema dawa ndiyo imeponyesha, nimemuita mwongo ndani ya nyumba ya mutoto wake.»

Niliitikia. Lakini mate yalikuwa yamenijaa mdomoni, maana matone yale yalinukia bombo, zile pipi nyekundu zinazofungwa kwa karatasi. Nikauliza, «Na miye?»

Mama alinitazama, mabega yake yakaanza kutikisika, nikaona anacheka bila sauti, yeye ambaye hakuwa amecheka tangu kikohozi cha kwanza. Akaniambia nitoe ulimi. Akadondosha tone moja. Ndicho kitu kitamu pekee nilichokionja kipindi kile chote, na nililiacha lizunguke mdomoni mpaka likawa mate ya kawaida. Tangu siku ile nilienda kuchukua kuni asubuhi bila kutumwa.

Ulimi ukaanza kusafishika pembeni, halafu katikati. Papa aliporudi, Koko alitupanga mlangoni kabla hajashusha mzigo, akatuamuru tutoe ndimi zetu, nasi tukazitoa, nyekundu zote mbili, kama wafanyabiashara wanaoonyesha bidhaa. Papa hakuelewa anachoonyeshwa. Alicheka, akatoa wake pia.

Sikwenda Oicha. Koko alirudi Vuhovi na kitenge kipya, na Mama alimsindikiza mpaka kwenye camion. Alipomkabidhi chungu chake alisema kwa sauti ambayo majirani waliisikia, «Chakula yenu imeponyesha mutoto, mama.» Kisha akanitazama juu ya kichwa cha Koko. Nimeishi na mtazamo ule. Mama sasa yuko Beni, ni mzee, Koko tulishamzika zamani, na bado nikimuuliza habari za chupa anasema, «Mambo ya bamama bakwe haifukuliwe.»

Sasa turudi salle.

Kavira alipomaliza, wanawake wakaanza kuuliza. Wengi waliuliza bei. Kisha akasimama msichana mmoja, mama wa juzijuzi, na mtoto mgongoni. Alisema mtoto wake mdomo umekuwa mweupe, ananyonya kidogo tu halafu analia. Kwenye kituo cha afya wamempa matone. Lakini amesikia hapa kwamba dawa za viwandani ndizo zinazoharibu tumbo.

«Mama Docteure, niyaache?»

Kavira, namjua, alirekebisha kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa kimelegea. Macho yake yalitoka kwa yule msichana, yakapita safu ya kwanza, yakanifikia. Nilingoja aseme. Nilijua pia kwamba mtu yeyote ndani ya salle ile angeweza kusimama na kulisema neno ninalolijua, isipokuwa mimi. Mimi ndiye dada wa sahani. Nikifungua mdomo, wataona ulimi mweupe.

Mtoto mgongoni akalia, kile kilio kidogo kisicho na sauti. Nikasimama.

Nilisema kwamba mama yetu alimpa Kavira matone, kila asubuhi, nyuma ya nyumba, kwa siri, kwa sababu ya heshima. Nilimwambia yule msichana asiache hata tone moja, na kwamba mtoto mchanga hahitaji kitunguu saumu, anahitaji ziwa la mama yake na dawa aliyopewa. Nilitaka kusema mengine, nilikuwa na kitabu, lakini nyuma yangu nilisikia sauti ikinong'ona, «Ni yeye, ule wa wivu,» na kicheko kikapita safu kwa safu kama upepo kwenye majani ya migomba. Msichana alinitazama mimi, akamtazama Docteure. Hakujua amwamini nani, na nilimwona anaelekea upande wa yule mwenye projekta.

Kavira akashusha kipaza sauti, akakiinua tena.

«Ni kweli,» akasema. «Yalikuwa tamu kama bombo.»

Sikuwa nimetaja utamu. Nilisimama pale nikiwa nimeshika kiti cha mbele. Kumbe alikumbuka. Miaka yote hiyo, kila salle aliyoingia, alijua kilichomo ndani ya chupa na alikuwa akiiruka kwa kupenda. Akamwambia yule msichana aendelee na matone mpaka mwisho, arudi kituoni mtoto asipopata nafuu, na yeye mwenyewe, mama, ale mboga na apunguze sukari, haitamdhuru. Alisema Mama ni mwanamke wa hekima kuliko wote. Wanawake wakapiga makofi. Wengine walifuta macho. Nilisema kweli nikaitwa mwenye wivu. Yeye aliisema kweli ileile baada yangu na wakampigia makofi. Kama si dada yangu ningemheshimu.

Jioni alikuja kwangu. Nilikuwa nimepika, lakini Kavira hali chakula cha watu. Alifungua kopo lake la plastiki, sombe yake, fufu yake ya unga anaoujua mwenyewe, akanawa mikono. Hatukuzungumza habari za salle. Tulizungumza habari za goti la Mama na barabara ya Beni, kama inapitika.

Nimefikiri sana kuhusu Koko siku hizi. Kama aliujua unga, basi alielewa kwamba wivu wa mtoto haufukuzwi kwa fimbo wala kwa kupelekwa Oicha. Unakalishwa karibu na chungu, unalishwa uchungu uleule wa yule anayeonewa wivu, mpaka ujue kwamba mgonjwa hakuibiwa chochote chako. Kama hakuujua, basi aliamini jicho kweli, akaniogopa, na akanipa tonge ili kumwokoa yule aliyempenda zaidi. Ningetoa digrii yangu nijue ni lipi. Nimewaeleza wanafunzi kuvu, sukari, wadudu wazuri na wabaya wa tumbo, na hayo yote nayaamini. Hili moja sina pa kulichora.

Kavira alikata tonge, akalikanda, akalichovya. Kisha, kama anavyofanya tangu zamani kila tunapokuwa mbele ya chakula kimoja, kwenye harusi, kwenye kilio, hata pale alipokuja na wageni wake wa Kampala wasioelewa, alinyoosha mkono kwangu kabla hajaweka kitu mdomoni mwake.

«Shika, yaya.»

Sijawahi kumuuliza kama ananilisha au anajikinga. Nadhani na yeye hajawahi kujiuliza. Nililipokea, nikala. Halikuwa na chumvi, na alinitazama mpaka nikameza.